Kibali Chasafiri, Moshi Wabaki

Siku hizi maneno haya yatajwa sana katika redio na magazeti: biashara ya kaboni. Yasemwa kwamba viwanda vya nchi kubwa vyauziana haki ya kutoa moshi, kama watu wauzianavyo unga na chumvi sokoni. Wengi wakisikia hayo hushangaa. Je, moshi nao una bei? Ni nani auzaye, na ni nani anunuaye? Na swali lililo kubwa kupita yote: kiwanda cha mji mmoja kikiisha kununua haki hiyo kwa kiwanda cha mji mwingine, watu wa miji yote miwili wapata faida au hasara?

Leo twataka kulieleza jambo hili polepole, kwa maana lagusa afya ya watu wengi, na hasa watoto. Tutakwenda kwanza Uchina, katika mji mkuu wa Beijing na kwa majirani zake. Huko jambo lilijaribiwa waziwazi: mji mmoja uliwekewa soko la kaboni, na jirani yake hakuwekewa. Kisha tutavuka bahari kwenda California, katika Marekani, tukatafute shahidi wa pili.

Mfano wa matanuri mawili

Tuanze na mfano mdogo. Fikirini kijiji chenye matanuri mawili ya kuchomea matofali. La kwanza ni la Petro. Limejengwa kilimani, mbali na nyumba za watu. La pili ni la Yosefu. Liko karibu na shule. Kila mmoja huchoma mizigo 60 ya kuni kwa mwaka, jumla mizigo 120. Chifu aona kwamba msitu unakwisha, atoa amri: mwaka huu kuni zisipite mizigo 100. Ampa kila mmoja vibali 50, na kila kibali ni ruhusa ya kuchoma mzigo mmoja. Tena aongeza neno: asiyetumia vibali vyake vyote aweza kumwuzia mwenzake.

Petro ni mtu mwenye akili ya kazi. Alijenga tanuri lake upya, akalitia kuta nene zisizopoteza moto, na sasa mizigo 35 yamtosha. Akabaki na vibali 15 mkononi. Yosefu hakutaka gharama ya kujenga upya. Alimpa Petro fedha, akachukua vibali vile 15, akachoma mizigo 65.

Haya, tufanye hesabu. Mizigo 35 na mizigo 65 ni mizigo 100. Amri imetimizwa. Msitu umepata nafuu, Petro amepata fedha, Yosefu amepata matofali yake, na chifu amefurahi. Lakini watoto wa shule je? Mwaka jana tanuri lililo jirani nao lilichoma mizigo 60. Mwaka huu limechoma 65. Moshi wa kijiji kizima umepungua, na moshi wa madirishani mwao umezidi. Hakuna aliyevunja sheria, hakuna aliyeiba, wala hakuna aliyedanganya. Hata hivyo watoto wanakohoa.

Hivyo ndivyo lilivyo soko la kaboni. Serikali hukata jumla ya tani ambazo viwanda vyaruhusiwa kutoa, huvigawia au huviuzia vibali, kisha huviacha viuziane. Nguvu ya njia hii ni kwamba upunguzaji hufanyika pale unapokuwa na gharama ndogo. Udhaifu wake ni kwamba soko huhesabu tani tu; haliulizi zimetoka wapi.

Dohani moja, vitu viwili

Huenda mtu akauliza: kama jumla imepungua, si imetosha? Ili tumjibu, yatupasa kujua ni nini hasa hutoka katika dohani ya kiwanda.

Makaa ya mawe yakichomwa, hutoka vitu vya namna mbili. Cha kwanza ni hewa ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Huchanganyika na hewa ya dunia nzima, hukaa angani miaka mamia, nayo huzuia joto la dunia lisitoke, kama blanketi izuiavyo joto la mwili. Kwa hewa hii, mahali si kitu. Tani moja iliyotoka Beijing na tani moja iliyotoka Lubumbashi zina matokeo yale yale. Kwa sababu hiyo watu waliweza kuitungia soko: tani ya hapa ni sawa na tani ya kule.

Lakini cha pili hakifanani na hicho. Ni masizi, hewa ya salfa, hewa za naitrojeni, na vumbi laini mno. Chembe za vumbi hilo hazipiti upana wa sehemu mbili na nusu za elfu za milimita. Unywele wa mtu ni mnene kuzipita mara ishirini na zaidi. Chembe hizo hupita puani bila kuzuiliwa, zikashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, na nyingine zikaingia katika damu. Huleta maradhi ya kifua, ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Shirika la Afya la Ulimwengu limekadiria kwamba katika mwaka wa 2019 uchafu wa hewa ya nje ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 4.2 kabla ya wakati wao.

Vumbi hili halizungukii dunia yote. Hukaa angani siku chache, pengine juma moja au mawili, likisukumwa na upepo, kisha huanguka. Kwa hiyo lina majirani. Watu wa Katanga walijua hilo zamani. Kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka wa 1911, na kwa kuwa upepo wa huko mara nyingi hutoka kusini-mashariki, moshi wake uliangukia upande wa kaskazini-magharibi. Huko udongo ulijaa madini, miti ikafa, na mahali pengi pakabaki uwanja mtupu. Upepo ndio uliochagua nani awe jirani wa moshi.

Sasa twafahamu lilipo fumbo. Kaboni na vumbi hutoka katika dohani moja, lakini kibali huhesabu kaboni peke yake. Kiwanda kikipunguza makaa ili kisinunue vibali, majirani zake hupata zawadi ambayo hakuna aliyeilipia: hewa safi. Kiwanda kikinunua vibali na kuendelea kuchoma, majirani zake hawapati kitu, na zawadi yote huenda kwa watu wa mahali pengine.

Beijing na jirani yake Hebei

Twende sasa Uchina. Mji wa Beijing umezungukwa karibu pande zote na jimbo la Hebei, na upande wa kusini-mashariki umepakana na mji wa bandari wa Tianjin. Beijing ni mji wa ofisi, vyuo na maduka. Hebei ni nchi ya tanuri za chuma, saruji na vioo. Kwa miaka mingi jimbo hilo moja limetoa kati ya moja ya tano na robo ya chuma chote cha Uchina, na mji wake wa Tangshan umejulikana sana kwa chuma.

Mwezi wa Januari 2013 ukungu mchafu ulifunika Beijing siku nyingi, hata watu wakafunga madirisha na kuvaa vitambaa usoni. Mwaka ule wastani wa vumbi laini katika mji ulikuwa mikrogramu 89.5 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, nayo yaonekana kuwa si kitu. Lakini kipimo kilichokubaliwa wakati ule na Shirika la Afya kilikuwa 10, na tangu mwaka wa 2021 ni 5.

Mwaka huohuo masoko ya kaboni yalianza. Shenzhen ilitangulia mwezi wa Juni 2013. Zikafuata Shanghai na Beijing mwezi wa Novemba, Guangdong na Tianjin mwezi wa Desemba, na mwaka wa 2014 Hubei na Chongqing. Mahali saba pa kujaribia. Hebei haikuwamo.

Tazameni hali hiyo: nyumba moja, milango miwili, mlango wa Beijing una mlinzi adaiye vibali, na mlango wa Hebei uko wazi. Mwenye kiwanda aliyeona vibali ni ghali angeweza kuvuka mpaka, akajenga upande wa pili, akachoma makaa yake huko bila kudaiwa kitu. Hapo Beijing ingeonyesha hesabu nzuri, na Hebei ingepokea moshi. Tena upepo haujui mpaka: wataalamu wa mji wa Beijing walitangaza mwaka wa 2014 kwamba kati ya 28 na 36 kwa mia ya vumbi laini la mji wao lilitoka nje ya mji. Basi aliyemfukuzia jirani moshi wake angekutana nao tena siku upepo ugeukapo.

Kuhama kwa viwanda si jambo la kubuni. Kampuni ya chuma ya Shougang, iliyoanzishwa mwaka wa 1919, ilikuwa na tanuri zake upande wa magharibi wa Beijing. Mwaka wa 2005 serikali iliamua ihamishwe, kwa kuwa michezo ya Olimpiki ya mwaka wa 2008 ilikuwa ikikaribia. Mwisho wa mwaka wa 2010 tanuri za Beijing zilizimwa, na kazi ikaendelea Caofeidian, pwani ya Tangshan, katika Hebei, kwa mashini mpya. Uamuzi huo ulitangulia soko la kaboni. Kwa hiyo soko lisilaumiwe kwa ajili yake. Lakini waonyesha jinsi mji mkubwa uwezavyo kujisafisha kwa kumpelekea jirani kazi yake yenye moshi.

Umeme nao husafiri vivyo hivyo. Mwezi wa Machi 2017 kituo kikubwa cha mwisho cha umeme wa makaa katika Beijing kilisimama. Hata hivyo zaidi ya nusu ya umeme wa mji hutoka nje, na sehemu kubwa yake hutokana na makaa ya Shanxi na Mongolia ya Ndani. Taa huwaka Beijing, na dohani hufuka mbali.

Watu wa Beijing hawakuwa vipofu mbele ya hatari hizo. Katika soko lao, mwenye kiwanda au jengo kubwa alidaiwa vibali hata kwa umeme alioutumia, ingawa ulitengenezwa katika jimbo jingine. Tena mwezi wa Desemba 2014 walimfungulia jirani mlango: viwanda vya saruji vya mji wa Chengde, ulio katika Hebei, vilitiwa katika mpango wa soko la Beijing, na misitu ya Chengde ikapata ruhusa ya kuuza hesabu ya kaboni yake katika mji mkuu. Mlikuwa na hekima katika jambo hilo. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, wala mji mmoja hausafishi anga.

Nani aliyesafisha hewa?

Hewa ya Beijing imekuwa safi kuliko zamani, na hilo ni kweli isiyo na shaka. Wastani wa vumbi laini ulikuwa 58 mwaka wa 2017, ukawa 33 mwaka wa 2021, na 30.5 mwaka wa 2024. Wastani huo wa mwaka wa 2024 bado ulikuwa mara sita ya kipimo cha Shirika la Afya, lakini ulikuwa theluthi moja tu ya ule wa mwaka wa 2013. Miji ya Hebei nayo imepata nafuu.

Je, twaweza kusema kwamba soko la kaboni ndilo lililofanya kazi hiyo? Tusikimbilie kusema hivyo. Mwezi wa Septemba 2013, kabla soko la Beijing halijafunguliwa, serikali ya Uchina ilitoa amri ya kusafisha hewa, ikalazimisha Beijing, Tianjin na Hebei kwa pamoja zipunguze vumbi laini kwa robo nzima kabla ya mwisho wa mwaka wa 2017. Tanuri za kale zilivunjwa, vichujio vikatiwa katika dohani, na makaa yakakatazwa majumbani. Mwaka wa 2017 Beijing, Tianjin na miji mingine 26 ya majimbo ya Hebei, Shanxi, Shandong na Henan ilifungwa katika mpango mmoja, kwa sababu yote huvuta hewa moja. Amri hizo zilihesabu vumbi lenyewe, wala si kaboni. Sehemu kubwa ya sifa ni yao.

Na amri hizo nazo zilikuwa na uchungu wake. Katika majira ya baridi ya mwaka wa 2017, majiko ya makaa yaliondolewa katika vijiji vya Hebei kabla mabomba ya gesi hayajafika mahali pote. Mwezi wa Desemba, katika wilaya ya Quyang, watoto wa shule walisomea nje juani, kwa kuwa ndani ya madarasa baridi ilikuwa kali kupita ile ya nje. Hewa ya mji mkuu ilisafishwa, na sehemu ya bei ililipwa na watoto wa jirani. Jambo hilo lilisikika nchi nzima, na serikali ikaruhusu makaa yatumike tena mahali ambapo gesi haikuwa tayari.

Kuhusu soko lenyewe, wataalamu wengi wamechunguza miji iliyo na soko na ile iliyo kando yake. Wengi waona kwamba ndani ya miji yenye soko kaboni ilipungua, na vumbi pamoja nayo. Kuhusu majirani hawakupatana: wengine waona faida, wengine waona hasara. Wala si ajabu, kwa maana njia zote mbili zipo. Kiwanda kikijifunza kutumia makaa machache, ufundi wake huenea kwa jirani, na upepo utokao kwake huwa safi. Hiyo ni faida. Kazi yenye moshi ikihamia ng'ambo ya mpaka, ni hasara. Ipi itashinda? Hutegemea kama jirani naye ana sheria, au hana.

Ndiyo sababu tarehe 16 Julai 2021 ilikuwa siku kubwa. Siku hiyo soko la nchi nzima lilifunguliwa, likiwa na kampuni zaidi ya 2,000 za umeme, zitoazo pamoja tani zipatazo bilioni 4.5 za kaboni kwa mwaka. Bei ilianzia yuan 48 kwa tani. Mwaka wa 2025 chuma, saruji na alumini viliongezwa. Sasa tanuri za Hebei nazo zimeingia chini ya paa lile lile, na aliyetaka kukwepa kwa kuvuka mpaka wa jimbo amekuta mlinzi ng'ambo pia.

Hata hivyo tusisahau tanuri la Yosefu. Soko likiwa kubwa, kibali chaweza kusafiri mbali zaidi. Kituo cha umeme kilicho karibu na mji wenye watu wengi chaweza kununua vibali kwa kituo kilicho maili elfu huko, kikaendelea kama kawaida. Tena soko hilo lilianza bila kukata jumla: lilipima kaboni kwa kila kipimo cha umeme, hata kituo kilichoongeza kazi kiliongezewa vibali. Na mwaka wa 2022 wizara ya mazingira ilitangaza hadharani kwamba kampuni kadhaa za upimaji zilikuwa zimeghushi hesabu za viwanda. Mizani ikidanganya, soko lote ni uongo, na wa kwanza kuumia ni yule akaaye chini ya dohani.

Shahidi wa pili: California

Katika Uchina jirani ni jimbo la kando. Katika California jirani ni mtaa wa kando. Jimbo hilo la Marekani lilitunga sheria yake mwaka wa 2006, na viwanda vikaanza kudaiwa vibali mwaka wa 2013. Katika mji wa Richmond, karibu na San Francisco, na katika Wilmington, karibu na bandari ya Los Angeles, viwanda vikubwa vya kusafishia mafuta vimesimama kando ya nyumba za watu. Wengi wa wakazi hao ni watu wa mshahara mdogo, na wengi ni Waamerika weusi au watu wa asili ya Meksiko na nchi jirani zake. Tarehe 6 Agosti 2012 moto uliwaka katika kiwanda cha Richmond, na watu wapatao 15,000 walikwenda kwa waganga kwa sababu ya moshi.

Watu wa mitaa hiyo waliogopa soko tangu mwanzo. Walisema: kiwanda chetu ni tajiri, kitanunua vibali, na sisi tutaendelea kukohoa. Mwaka wa 2018 wataalamu walioongozwa na Lara Cushing walitoa uchunguzi wao. Walilinganisha miaka ya 2011 na 2012 na ile ya 2013 mpaka 2015, wakaona kwamba 52 kwa mia ya viwanda vilivyo chini ya sheria vilitoa hewa nyingi zaidi baada ya soko kuanza, ingawa jumla ilikuwa bado chini ya kikomo. Na mitaa iliyoongezewa ilikuwa na maskini wengi na watu wasio weupe wengi kuliko mitaa mingine.

Lakini haki yadai tumsikilize na shahidi mwingine. Wachumi wawili, Danae Hernandez-Cortes na Kyle Meng, walifuata moshi katika njia za upepo mpaka mwaka wa 2017, wakauliza swali jingine: mambo yangalikuwaje kama soko lisingalikuwapo? Wakaona kwamba kabla ya mwaka wa 2013 pengo kati ya mitaa maskini na mingine lilikuwa likizidi, na baada ya soko likaanza kupungua. Pengo halikwisha, ila lilipungua. Hawa na wale hawapingani kama mtu asemavyo ndiyo na mwingine asemavyo siyo. Wa kwanza walihesabu kiwanda kimoja kimoja, kabla na baada. Wa pili walipima pengo lote. Soko laweza kusaidia wengi, na bado likaacha mtaa mmoja katika moshi.

Serikali ya California ililielewa hilo. Mwaka wa 2017 iliongeza maisha ya soko mpaka mwaka wa 2030, na pamoja nayo ikatunga sheria ya pili: mitaa iliyochafuliwa sana iwekewe vipimo vya hewa, na wakazi wenyewe wakae katika baraza la kupanga jinsi ya kuisafisha. Tena sheria yadai kwamba angalau robo ya fedha za mauzo ya vibali itumike ndani ya mitaa iliyolemewa. Mwaka wa 2025 soko liliongezewa maisha tena, mpaka mwaka wa 2045.

Misitu yetu na moshi wa wengine

Mtu wa Kongo asidhani kwamba haya ni ya wageni tu. Kama misitu ya Chengde ilivyouza hesabu yake Beijing, misitu yetu nayo imeingia katika biashara ya kaboni. Katika Mai-Ndombe, mpango wa kuhifadhi msitu wa hekta 300,000 hivi ulianza mwaka wa 2011, na kampuni za ng'ambo hununua hesabu ya kaboni iliyobaki katika miti. Msitu ukilindwa kweli, na wanavijiji wakipata fungu lao, hilo ni jema. Lakini twajua sasa la kuuliza. Mti wa Mai-Ndombe waweza kufidia kaboni ya kiwanda kilicho mbali. Hauwezi kuchuja masizi yaingiayo katika nyumba iliyo jirani na kiwanda hicho.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliligusa jambo hili mwaka wa 2015, katika barua yake Laudato Si', namba 171. Alionya kwamba kununua na kuuza hesabu za kaboni kwaweza kuzaa namna mpya ya ulanguzi, kukaonekana kuwa dawa nyepesi, na kumbe kukawapa nchi na watu fulani ruhusa ya kuendelea kutumia kupita kiasi. Tukiwaangalia watu wa Richmond na Hebei, twaona kwamba onyo hilo halikutoka hewani.

Yatupasa kushika nini?

Je, tuseme kwamba soko la kaboni ni baya, litupwe? Hapana. Petro asingalijenga tanuri bora kama vibali visingalikuwa na bei. Dunia yahitaji kupunguza kaboni, na soko lililotunzwa vema laweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo. Lakini Beijing na California zimetufundisha mambo matatu.

La kwanza: majirani wawe chini ya sheria moja. Mji ukifunga mlango wake na jirani akaacha wake wazi, moshi huhamia kwa jirani, kisha upepo huurudisha.

La pili: kibali cha kaboni kisiwe ruhusa ya vumbi. Kila dohani iwe na kikomo chake cha masizi na salfa, kisichouzwa wala kununuliwa kwa bei yoyote. Kaboni ya tani moja yaweza kubadilishwa na nyingine. Pafu la mtoto mmoja halibadilishwi na jingine.

La tatu: kipimo kiwekwe pale watu wavutapo pumzi, nao wapewe hesabu yake. Asiyejua kipimo cha hewa yake hawezi kudai haki yake.

Mhenga alisema: Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Katika nchi yetu migodi na viwanda vyaongezeka, na wanunuzi wa kaboni wagonga mlango wa misitu. Watakapokuja na karatasi zao na kusema kwamba jumla ya tani imepungua, tuwapongeze ikiwa ni kweli. Kisha tuwaulize kwa adabu: imepungua wapi, na ni nani akaaye karibu na dohani iliyobaki?